Meseji za Mkopo Ambao Hukukopa: Mwongozo Kamili wa Kuzikomesha Nchini Kenya

"ILANI YA MWISHO. Mkopo wako wa KES 4,850 umepita muda kwa siku 21. Lipa kabla ya saa sita mchana, la sivyo tutawapigia watu wako na jina lako litaenda CRB."

Unasoma mara mbili. CRB ni zile ofisi zinazotunza kumbukumbu za nani analipa mikopo na nani halipi, kwa hiyo unashtuka. Lakini hukukopa. Hata jina la hiyo apu unaliona leo kwa mara ya kwanza.

Nimeketi na watu wengi walioletewa meseji za namna hii, na karibu wote walikwama pale pale. Mmoja alijibu kwa hasira, akaandika nambari ya kitambulisho chake "ili wajue si mimi". Mwingine alifuta kila kitu, akazuia nambari, kisha mwezi wa pili akahitaji ushahidi akawa hana hata herufi moja. Wa tatu alilipa mia tano "waniondokee". Huyo ndiye aliyesumbuka zaidi, maana machoni pa mdai, aliyelipa kidogo amekubali kwamba anadaiwa.

Wote watatu walikimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa. Meseji hizi zina vyanzo vinne, na kinachokuokoa kwa kimoja hukuharibia kwa kingine. Ndiyo maana hatua ya 3 hapa chini ni muhimu kuliko zote. Usiiruke.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenyewe, meseji zikiwa hazijafutwa.
- Daftari. La karatasi ni zuri kuliko la simu, kwa sababu utakuwa unaandika huku simu ikiwa sikioni.
- Taarifa ya M-PESA, au ya akaunti yoyote unayopokelea pesa, ya mwaka mzima uliopita. Ya M-PESA unaiomba kupitia *334# au apu yao, nayo huja kwa barua pepe kama faili lililofungwa kwa nambari ya siri.
- Barua pepe unayoifungua kila siku.
- Kitambulisho chako, kikae mfukoni hadi utakapoambiwa ukitoe.

Pesa huhitaji. Wala humhitaji yule kijana anayejitangaza kwamba "anasafisha CRB" kwa ada. Hakuna anachoweza kufanya ambacho wewe mwenyewe huwezi, na ukimpa kitambulisho chako umejiongezea tatizo la pili.

## Hatua ya 1: Usijibu, usilipe, usifute

Kwa saa ishirini na nne za kwanza, tulia tu.

Usijibu, kwa sababu jibu lolote linawaambia kwamba laini iko hai na ina mtu anayesoma. Usilipe hata shilingi hamsini. Malipo yanabaki kwenye kumbukumbu zao na zako, na kuyaeleza baadaye ni kazi. Usifute, kwa sababu kila hatua inayofuata inategemea meseji hizo.

Na usibonyeze linki iliyo ndani ya meseji, hata kama imeandikwa "bofya hapa kupinga deni". Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

## Hatua ya 2: Hifadhi ushahidi unaosimama

Piga picha ya skrini ya kila meseji. Picha inayofaa inaonyesha vitu vitatu kwa pamoja: aliyetuma, tarehe na saa, na maneno yote bila kukatwa. Kama meseji ni ndefu, piga picha mbili zinazopishana mstari mmoja.

Kuna kosa dogo ambalo nimeliona mara nyingi. Mtu anaisevu ile nambari kwenye simu kwa jina "WEZI", kisha anapiga picha. Picha inaonyesha WEZI, nambari haionekani popote. Ofisi haiwezi kumwandikia barua WEZI. Acha nambari kama ilivyokuja.

Kwa simu zinazopigwa, andika daftarini papo hapo. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: *Jumanne, saa 3:12 asubuhi, nambari inayoishia 417, mwanamke, anasema anatoka "idara ya sheria", hakutaja jina la kampuni, alitisha kumpigia mwajiri wangu.*

Kisha jitumie picha zote kwa barua pepe. Simu huibiwa na kuvunjika.

Umefaulu hapa ikiwa mtu asiyejua lolote anaweza kufungua barua pepe hiyo na kuelewa kilichotokea, lini, na nani alituma.

## Hatua ya 3: Jua meseji yako ni ya kundi gani

Soma tena meseji polepole, kama unayesoma barua ya mtu mwingine. Tafuta jina.

Kundi A: Jina ni la mtu usiyemjua. "Habari Kevin, mkopo wako…" na wewe si Kevin wala hujawahi kumjua. Mara nyingi nambari yako ilikuwa ya mtu mwingine kabla yako. Kampuni za simu huchukua laini zilizolala muda mrefu na kuziuza upya, na madeni ya mwenye laini wa zamani huja nayo. Au mtu alikosea tarakimu moja alipojisajili. Mimi mwenyewe niliwahi kununua laini mpya na kwa miezi miwili nikawa naitwa kwa jina la mwanamke fulani aliyekopa na kutoweka. Nikadhani nikinyamaza watachoka. Mashine haichoki.

Kundi B: Jina ni la mtu unayemjua. "Mwambie fulani alipe leo, amekuweka wewe kama mdhamini." Ni binamu, mfanyakazi mwenzako, mpangaji mliyeishi naye. Alikopa akaandika nambari yako, au apu ilichota nambari zote zilizo kwenye simu yake.

Kundi C: Hakuna jina lolote. "Mteja mpendwa", haraka ya ajabu, linki, au nambari ya mtu binafsi unayoambiwa uitumie pesa. Mara nyingine wanadai ada ndogo ya "kufunga faili". Huu ni utapeli wa moja kwa moja. Hakuna mkopo wowote, wametuma meseji hiyo hiyo kwa watu maelfu wakisubiri mwenye woga.

Kundi D: Jina ni lako, pengine na kitambulisho chako. Hili ndilo zito. Ama mtu amekopa kwa jina lako, ama ni deni lako ulilolisahau. Tafadhali jichunguze bila kujidanganya: Fuliza (ile mikopo midogo ya M-PESA salio lisipotosha) ambayo hukuimaliza, simu uliyochukua kwa malipo ya kila siku, mkopo wa chuo. Si aibu kusahau, lakini ukienda kulalamika kwa deni ambalo ni lako, malalamiko mengine yote utakayopeleka yatapoteza uzito.

Usiamini jina peke yake, hata hivyo. Matapeli wa siku hizi wana majina yetu. Thibitisha kwa hatua inayofuata kabla ya kujiweka katika kundi D.

## Hatua ya 4: Thibitisha mahali pa aina nne

Taarifa ya M-PESA. Mkopo wa apu lazima utue mahali. Angalia tarehe inayotajwa, na wiki moja kabla na baada yake. Kama hakuna pesa iliyoingia kutoka kwa kampuni hiyo, hiyo ni nguzo yako ya kwanza. Piga mstari kwenye kurasa hizo na uziweke.

Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa Safaricom, piga *106#. Kwa mitandao mingine, nenda dukani kwao na kitambulisho uulize. Ukikuta laini usiyoitambua, umepata mlango alikopitia mkopaji wa jina lako. Omba iondolewe, lakini kwanza andika nambari hiyo daftarini.

Ripoti ya CRB. Kenya ina ofisi tatu za taarifa za mikopo zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Iombe moja kwa moja kutoka kwao, kamwe si kupitia linki uliyotumiwa. Fahamu pia kwamba tangu Aprili 2020 deni la chini ya shilingi 1,000 halipelekwi CRB, na kwamba mkopeshaji anatakiwa akupe ilani kabla ya kupeleka taarifa mbaya. Anayekutisha na CRB kwa deni la shilingi 700 anakutishia tu.

Orodha ya Benki Kuu. Tovuti ya Benki Kuu ya Kenya ina orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Wengi hupotea hapa, kwa sababu apu ina jina moja na kampuni ina jina jingine. Fungua ukurasa wa apu pale inapopakuliwa, usome jina la kampuni chini kabisa au kwenye sera ya faragha, na hilo ndilo utafute. Benki na sacco hazimo kwenye orodha hiyo, zina usimamizi wake, kwa hiyo kutokuwepo pekee hakumaanishi utapeli.

Ukimaliza hapa unapaswa kuweza kusema sentensi moja bila kusita: "Mimi ni wa kundi fulani, na ushahidi wangu ni huu."

## Hatua ya 5: Chukua dawa ya kundi lako

### Kundi A: waandikie mara moja, kwa maandishi

Usiwapigie. Anayepokea simu hana uwezo wa kufuta nambari, ana uwezo wa kukupigia tena kesho. Tafuta barua pepe ya kampuni kwenye sera yake ya faragha, uandike hivi:

> Mimi si mtu mnayemtafuta. Nambari hii ya simu ni yangu na sina mkopo wowote kwenu. Kwa mujibu wa vifungu vya 26 na 40 vya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba muiondoe nambari hii kwenye kumbukumbu zenu na mnithibitishie kwa maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatisha picha za meseji mlizonitumia.

Basi. Usiongeze jina la baba, usiongeze kitambulisho. Watakuomba kitambulisho "ili tuhakikishe". Jibu kwamba unaomba nambari iondolewe, na kwa hilo nambari yenyewe inatosha.

Dalili ya kufaulu ni barua pepe inayosema nambari imeondolewa. Meseji kukatika kwa wiki moja si dalili, mara nyingi deni limehamishiwa kwa mkusanyaji mwingine ambaye bado hajaanza.

### Kundi B: kutajwa si kudhamini

Hapa ndipo watu wema huliwa. Unaambiwa "wewe ni mdhamini" na moyo unakwenda mbio. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3, inasema huwezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine isipokuwa ahadi hiyo imeandikwa na umeitia sahihi wewe. Jina lako kwenye kisanduku cha apu ya mtu mwingine si sahihi yako. Kama ulitia sahihi kweli kule sacconi, hilo ni jambo tofauti na mwongozo huu haukufai.

Zaidi ya hapo, Kanuni za Wakopeshaji wa Kidijitali za 2022 zinawakataza kuwapigia au kuwatumia meseji watu walio kwenye simu ya mkopaji ili kumbana, na zinakataza vitisho, matusi na kumwaibisha mtu hadharani.

Waandikie barua ile ya kundi A, ukibadilisha sentensi ya kwanza: "Sikudhamini mkopo huu. Kama mnasema nilidhamini, nitumieni hati yenye sahihi yangu." Ombi hilo la hati huwanyamazisha wengi haraka kuliko vifungu vyote vya sheria.

Tahadhari mbili. Usiwape nambari mpya ya ndugu yako wala mahali anapoishi, hata akikuudhi kiasi gani. Pili, mpigie yeye mwenyewe, kwa upole. "Shemeji, hawa watu wananipigia, nilitaka tu ujue" inatosha. Mara nyingi hajui kwamba apu ilichota nambari za watu wote.

### Kundi C: ripoti, zuia, sahau

Ukiwa na laini ya Safaricom, peleka meseji hiyo kwa 333, ni bure. Kisha zuia nambari. Hakuna wa kumwandikia barua.

Ikiwa ulishabonyeza linki na kujaza chochote, badilisha PIN ya M-PESA sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma, na ile ya apu ya benki pia. Halafu mpigie mtoa huduma wako umweleze, na uitazame taarifa yako kila siku kwa wiki mbili.

### Kundi D: dai wakuonyeshe mkopo

Mwenye kudai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Andika barua pepe kwa kampuni, ukidai nakala ya taarifa zako walizonazo. Kanuni za data za 2021 zinawapa siku 7 kujibu ombi la namna hii. Taja mambo haya hasa:

1. Tarehe na kiasi cha mkopo.
2. Nambari ya simu au akaunti iliyopokea pesa.
3. Makubaliano ya mkopo.
4. Picha na nyaraka zilizotumika kusajili akaunti.

La pili ndilo dhahabu. Karibu kila mara pesa zilikwenda kwenye laini ambayo si yako, na hapo ndipo taarifa yako ya M-PESA na orodha ya *106# zinapokutana na kumaliza ubishi.

Hapa kitambulisho kitahitajika, kwa kuwa unaomba taarifa za mtu na lazima uthibitishe ni wewe. Tuma nakala tu, kwa anwani rasmi uliyoithibitisha, na kabla ya kuipiga picha andika kwa kalamu juu yake, ikikatiza maandishi: "Kwa kupinga mkopo pekee", jina la kampuni na tarehe. Nakala iliyoandikwa hivyo haimfai mwizi.

Siku hiyo hiyo nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukaripoti kwamba kitambulisho chako kimetumiwa, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Iandike kwenye barua zote zinazofuata. Kama kitambulisho kilipotea mwaka juzi na hukuripoti, sema hivyo hivyo, ripoti ya kuchelewa ni bora kuliko kutoripoti.

Ikiwa jina limeshafika CRB, wapinge kwa maandishi pande zote mbili, ofisi ya CRB na mkopeshaji, ukiambatisha OB. Ukipinga upande mmoja tu, kila mmoja atakutupa kwa mwenzake.

Kufaulu kwa kundi D kuna karatasi mbili: barua ya mkopeshaji inayokubali kwamba mkopo si wako, na ripoti mpya ya CRB isiyo na deni hilo. Moja bila nyingine, kazi haijaisha.

## Wakikupigia ukiwa katikati ya haya

Utapigiwa tu. Sema maneno haya na usiongeze: "Naomba jina lako, jina la kampuni na barua pepe yenu rasmi. Jambo hili linaendelea kwa maandishi." Halafu nyamaza. Ukimya kwenye simu ni mgumu, na wao wamefundishwa kuutumia, kwa hiyo utumie wewe. Wakikataa kutaja kampuni, kata simu, andika daftarini.

Wakisema polisi wako njiani, kumbuka polisi hawakusanyi madeni. Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai.

Wakikutumia "samansi" ya mahakama kwa WhatsApp, usicheke wala usizimie. Mahakama za Kenya siku hizi huruhusu nyaraka kufikishwa kwa njia hiyo, kwa hiyo huwezi kuipuuza. Samansi ya kweli ina nambari ya kesi na jina la mahakama. Chukua nambari hiyo, ulizia kwenye masijala ya mahakama iliyotajwa. Niliwahi kuonyeshwa moja yenye nembo ya taifa iliyopinda na "mahakama" isiyokuwepo katika mji wowote. Lakini ikiwa kesi ipo, jibu ndani ya muda ulioandikwa, maana ukikaa kimya hukumu hutolewa bila wewe.

## Hatua ya 6: Siku zikipita bila jibu, peleka mbele

Usilalamike kila mahali kwa wakati mmoja. Kila ofisi ina kazi yake.

Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndiyo ya makundi A, B na D, pale nambari au taarifa zako zinapotumiwa bila ridhaa. Malalamiko hupelekwa kwenye tovuti yao, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Ina meno pia: mwaka 2023 ilimtoza mkopeshaji mmoja wa apu shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari zilizopatikana kwa watu wengine kutuma meseji za vitisho.

Benki Kuu ya Kenya ni ya mwenendo wa mkopeshaji mwenye leseni: matusi, vitisho, kuwapigia watu wako.

Idara ya Upelelezi wa Jinai ni ya wizi wa utambulisho na vitisho vya kudhuru. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018.

Malalamiko mazuri hayazidi ukurasa mmoja. Tarehe ya meseji ya kwanza, tarehe uliyowaandikia, walichojibu au kutojibu, unachotaka kifanyike. Picha zipange kwa nambari na uzitaje: "tazama picha ya 3". Hasira iache nyumbani. Anayesoma amesoma hasira kumi tangu asubuhi, anachotafuta ni tarehe.

## Meseji zikirudi baada ya miezi

Hutokea. Kampuni huuza madeni yake kwa wakusanyaji, na jina lako linaweza kusafiri na faili la zamani hata baada ya kufutwa kule lilikotoka. Usianze upya. Mjibu mkusanyaji mpya kwa barua pepe moja, ukiambatisha barua ya mkopeshaji au nambari ya malalamiko yako, na sentensi hii: "Suala hili lilishafungwa na aliyewauzia, mwulizeni yeye."

Kwa sababu hiyo, daftari na ile barua pepe ya picha usivitupe. Vyangu viko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na mwaka jana niliishusha mara mbili.